Maada ya giza, maada baridi: Tuelewe kwanza, ndipo tutafsiri

MIEZI michache iliyopita nililetewa makala ya sayansi ya anga niyatafsiri kwa Kiswahili. Yalikusudiwa wanafunzi wa shule za upili. Yalikuwa kurasa kumi tu, nami nikajiambia hiyo ni kazi ya wikendi moja. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na kamusi ninazo rafu nzima. Jumapili jioni nilikuwa nimemaliza. Jumatatu nikampelekea mwenzangu wa idara ya fizikia aipitie kazi hiyo kabla sijaikabidhi.

Alisoma aya ya kwanza kimya. Alipofika ya pili akavua miwani, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mwalimu," akaniambia, "hapa umeandika habari za barafu iliyopakwa masizi!"

Kisa na maana, nilikuwa nimekutana na maneno matatu ya Kiingereza yaliyofuatana: moja la baridi, la pili la giza au weusi, la tatu la maada, yaani kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Nami nikayapanga kwa upatanisho wake sahihi: "maada nyeusi yenye baridi". Sarufi ilikuwa safi lakini maana ilikwenda arijojo. Kitu chenyewe si cheusi, wala hakuna anayeweza kukigusa akasema kina baridi. Kumbe nilikuwa nimetafsiri maneno bila kujua yanasema nini.

Wiki tatu zilizofuata niligeuka mwanafunzi wa mwenzangu huyo. Leo nataka nikupe, msomaji wangu, yale niliyofunzwa. Ninafanya hivyo kwa sababu sifa za kitu hiki ndizo zilizoamua ulimwengu uwe na umbo ulilo nalo, wenye nyota na sayari na watu wa kuzitazama. Aidha, nadhani kisa hiki kinatuhusu sote tunaopigania Kiswahili kiwe lugha ya sayansi.

Dalili ya mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Maada ya giza, kama nitakavyoiita kwa sasa, haijawahi kuonekana na mtu. Tunaijua kwa dalili tu, ila dalili zenyewe ni nyingi na zinaafikiana.

Ya kwanza ni ya mwaka 1933. Mswisi Fritz Zwicky, aliyekuwa akifanya kazi California, alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota mabilioni kwa mabilioni; yetu sisi baadhi ya watu huiita Njia Nyeupe. Zwicky aliona galaksi za Coma zinakwenda kasi kupita kiasi. Hebu fikiria jiwe linalozungushwa kwa kombeo: ukizidisha kasi na kamba ni nyembamba, kamba hukatika na jiwe huenda zake. Uvutano wa nyota zote zilizoonekana ulikuwa kamba nyembamba mno. Kundi lile lingepaswa kuwa limesambaratika zamani, lakini lipo. Zwicky akahitimisha kwamba kuna kitu kingine kinachovuta, akakiita kwa Kijerumani dunkle Materie, maada ya giza.

Dalili ya pili ina uhusiano na pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Miongoni mwa yale iliyoyabaini ni kwamba makundi ya galaksi, likiwemo lile la Coma la Zwicky, hutoa eksirei kwa wingi. Miale hiyo hutoka kwenye gesi iliyotanda kati ya galaksi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi yenye joto kiasi hicho hutaka kutawanyika. Kama haijatawanyika, basi kuna uvutano mkubwa unaoizuia, mkubwa kuliko ule wa nyota na wa gesi yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1970, Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walichapisha vipimo vya kasi ya mzunguko katika galaksi ya Andromeda. Walitarajiwa kuona kasi ikipungua kadiri unavyokwenda pembeni, kama sayari za mbali zinavyolizunguka jua polepole kuliko za karibu. Haikupungua. Pembezoni kabisa, mahali nyota zinapokaribia kuisha, kuna kitu bado kinavuta.

Vipimo vya karibuni, hasa vya setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck, vinatupa mizani hii: maada ya kawaida, yaani wewe, mimi, bahari, jua na gesi yote, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada ya giza ni kama asilimia 27. Asilimia 68 iliyobaki ni kitu kingine kiitwacho nishati ya giza, na hicho tukiache kwa siku nyingine.

Sifa ya kwanza: mwanga hauijui

Nilipofika hapo nilimuuliza mwenzangu, "Sasa kama ni giza, mbona haizibi nyota zilizo nyuma yake?"

Akafurahi. "Hilo ndilo swali," akasema. "Wingu la vumbi ni giza kwa sababu linazuia mwanga. Hii haizuii, haiakisi, haitoi. Mwanga unapita ndani yake kama unavyopita kwenye kioo safi cha dirisha. Wewe ungeiita nini?"

Mara moja nikafikiria neno angavu. Lakini Kiswahili kina mtego wake hapo. Maji maangavu ni maji yanayopitisha mwanga hadi ukaona mchanga chini; nyota angavu ni nyota inayong'aa. Neno moja linabeba maana mbili, na ya pili ingempotosha mwanafunzi vibaya zaidi kuliko giza.

Uangavu huo, kwa maana ya kupitisha mwanga, si jambo dogo. Pasingekuwapo na sifa hiyo, tusingekuwapo. Nitaeleza.

Mwanga wa kale zaidi tunaoweza kuupokea ulianza safari yake miaka 380,000 hivi baada ya mwanzo wa ulimwengu, ambao leo una umri wa miaka bilioni 13.8. Arno Penzias na Robert Wilson waliutangaza mwaka 1965. Mwaka 1992, matokeo ya setilaiti ya COBE yalionyesha kwamba mwanga huo una mabaka hafifu mno: tofauti ya mahali na mahali ni kama sehemu moja kwa 100,000. Mabaka hayo yanatuonyesha mbegu. Palipokuwa na maada zaidi kidogo, uvutano ulivuta nyingine, pakazidi kujaa. Mwenye nacho aliongezewa.

Lakini hebu tupige hesabu. Tangu mwanga huo utoke, ulimwengu umetanuka kama mara 1,100. Fizikia inasema kwamba katika ulimwengu unaotanuka, mbegu hukua takriban kwa kadiri hiyohiyo. Zidisha sehemu moja kwa 100,000 mara 1,100 upate kama sehemu moja kwa 100. Yaani, baada ya miaka bilioni 13 na ushei, sehemu zilizojaa zaidi zingekuwa na ziada ya asilimia moja tu. Hiyo si galaksi. Huo ni ukungu uliosambaa kila mahali, usio na nyota hata moja.

Je, nani aliongeza mbegu kasi? Katika ile miaka 380,000 ya kwanza, ulimwengu ulikuwa moto, na mwanga na maada ya kawaida vilikuwa vimeshikamana. Maada ilipojaribu kurundikana, mwanga uliisukuma nje. Ni kama mtu anayejaribu kurundika makapi ya mahindi uani siku ya upepo mkali: kila fungu likiinuka kidogo, upepo unalipeperusha. Maada ya giza haikujali upepo huo, kwa kuwa mwanga hauigusi. Wakati maada ya kawaida inapeperushwa, yenyewe ilikuwa ikijirundika taratibu. Upepo ulipotulia na mwanga ukaenda zake, maada ya kawaida ilikuta mabonde ya uvutano yamekwisha kuchimbwa. Ikatiririkia humo kama maji yafuatavyo mkondo, na humo ndimo nyota zilimowaka.

Sifa ya pili: baridi ni mwendo

Sasa turudi kwenye barafu yangu yenye masizi. Mwanafizikia akisema baridi hapa, hazungumzii kitu cha kugusa. Joto la kitu ni mwendo wa chembe zake: chai ni moto kwa sababu chembe zake zinahangaika haraka, na inapoa zinapotulia. Kwa hiyo maada ya giza "moto" ni ile ambayo chembe zake zilikuwa zikienda karibu na kasi ya mwanga katika enzi za mwanzo. "Baridi" ni ile ambayo chembe zake zilikwenda polepole.

Tofauti hiyo ya mwendo inaamua ulimwengu unajengwa kwa mpangilio gani.

Chembe zenye kasi hazikai mahali. Fungu dogo likianza kujikusanya, zinachomoka na kukimbilia kwingine, na fungu linafutika. Ni mafungu makubwa ajabu tu, yenye uzito wa maelfu ya galaksi, yanayosalimika. Katika ulimwengu wa namna hiyo vinavyoumbwa kwanza ni vitu vikubwa sana, vilivyo bapa kama chapati, kisha vinapasuka kuwa galaksi. Mrusi Yakov Zeldovich na wenzake waliushughulikia sana mpango huo, na palikuwa na chembe iliyoonekana kufaa: nyutrino, chembe nyepesi isiyopenda kugusana na chochote. Miaka ya mwanzo ya 1980 wengi walidhani jibu limepatikana.

Halikuwa limepatikana. Mwaka 1983 Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis walitumia kompyuta kuunda ulimwengu wa kuigiza uliojaa nyutrino, wakaulinganisha na ramani za galaksi halisi. Havikufanana. Galaksi za kuigiza zilijibana katika mafungu makubwa kupita yale yaliyopo. Zaidi ya hayo, mpango huo ungefanya galaksi zichelewe kuzaliwa, ilhali leo darubini ya anga ya James Webb imeziona galaksi zilizokuwapo kabla ulimwengu haujafika miaka milioni 400. Haraka haraka haikuwa na baraka.

Chembe za polepole hutenda kinyume. Fungu dogo likijikusanya linabaki. Mafungu madogo yanavutana na kuungana kuwa makubwa kiasi, hayo nayo yanaungana kuwa galaksi, galaksi zinakusanyika kuwa makundi. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1984 George Blumenthal, Sandra Faber, Joel Primack na Martin Rees walichapisha makala iliyoonyesha jinsi maada baridi inavyoweza kueleza galaksi na makundi yake. Mwaka uliofuata Davis, Frenk na White, pamoja na George Efstathiou, waliigiza ulimwengu huo kwa kompyuta wakitumia chembe 32,768. Kufikia 2005, mradi wa kuigiza uitwao Millennium ulitumia chembe zaidi ya bilioni 10. Uliotokea humo ni ulimwengu kama tunaouona: nyuzi ndefu za galaksi zinazopishana kama nyavu za mvuvi, makundi makubwa penye mafundo, na katikati ya matundu karibu hamna kitu.

Nilipoelewa hilo nilirudia tafsiri yangu nikaona aibu. Nilikuwa nimemwambia mwanafunzi kwamba galaksi zimejengwa na barafu, kumbe zimejengwa na utulivu.

Sifa ya tatu: haipoi, haigongani

Hapa patakuchanganya kidogo, kama palivyonichanganya mimi. Maada inayoitwa baridi ndiyo isiyoweza kupoa.

Gesi ya kawaida ikijibana hupata joto, halafu huutoa joto huo kwa njia ya mwanga. Ikishapoa huzama zaidi katikati, na kwa kuwa inazunguka, hutandaa kuwa sahani. Ndiyo maana galaksi kama yetu ina umbo la sahani. Maada ya giza haitoi mwanga, kwa hiyo haina njia ya kutoa nishati yake. Inabaki imetanda kama wingu kubwa la mviringo, na sahani ya nyota iko ndani yake kama kiini ndani ya yai. Hilo ndilo wingu ambalo Rubin na Ford walikuwa wakipima uvutano wake bila kuliona.

Chembe zake pia hazigongani, au zikigongana ni kwa nadra mno. Ushahidi maarufu ulichapishwa mwaka 2006, kuhusu makundi mawili ya galaksi yaliyopitiana kwa kishindo mbali huko angani. Gesi ya pande mbili iligongana ikapunguza mwendo na kubaki katikati. Uvutano mkubwa, uliopimwa kwa jinsi unavyopinda mwanga wa galaksi za nyuma, haukubaki na gesi. Ulipita upande wa pili pamoja na galaksi, kama watu wawili waliopishana mlangoni bila kugusana bega.

Na vuguvugu je?

Usidhani mjadala umefungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliona tatizo. Maada baridi ikijenga kutoka vidogo, basi vidogo vingi vinapaswa kubaki: kuigiza kwa kompyuta kulionyesha mamia ya mafungu madogo yakiizunguka galaksi kama yetu. Wakati huo galaksi ndogo zilizojulikana kutuzunguka hazikufika ishirini. Nyingine zilikuwa wapi?

Baadhi walipendekeza chembe za mwendo wa kadiri, zinazofuta mafungu madogo kabisa na kuacha mengine. Hii ndiyo maada ya giza vuguvugu. Wengine walisema mafungu yapo, ila gesi yake ilifukuzwa na mwanga na milipuko ya nyota za mwanzo, yakabaki matupu. Tangu 2005 hivi, uchunguzi wa anga umegundua galaksi hafifu moja baada ya nyingine, na leo zinazojulikana zimepita hamsini. Mizani imeegemea upande wa baridi, ingawa vuguvugu haijafukuzwa kikao. Darubini mpya iliyopewa jina la Vera Rubin, huko Chile, ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025, na kutafuta galaksi hafifu kama hizo ni sehemu ya kazi yake.

Hebu tazama: neno vuguvugu lilinifaa bila jasho. Limo katika lugha yetu siku zote, halihitaji kamati wala warsha.

Tuiite nini?

Mwishowe nilirudi kwenye dawati langu na tatizo la istilahi. Maada nyeusi niliifuta. Nyeusi ni rangi, na kitu hiki hakina rangi. Nilifikiria maada fiche, nikaona ni jina zuri, ila linadokeza kwamba kuna kitu kilichofunikwa ambacho ukifunua utakiona. Nilifikiria maada isiyoonekana, lakini hata hewa haionekani.

Mwenzangu ndiye aliyenisaidia, naye si mtu wa lugha. "Nyinyi Waswahili mkisema mtu yuko gizani, mnamaanisha nini?" Nikamjibu, kwamba hajui. "Basi liacheni hilo giza. Giza ni letu."

Kwa hiyo nimebaki na maada ya giza. Kwa Zwicky mwaka 1933 jina hilo lilitosha, kwani lingeweza kumaanisha nyota zilizozimika au vumbi. Kwetu linatosha kwa sababu nyingine, maadamu mwalimu atamwambia mwanafunzi siku ya kwanza kwamba kitu chenyewe hupitisha mwanga. Kuhusu baridi na moto, nimeyaacha ili mwanafunzi asipotee atakapokutana na vitabu vingine, ila kila yanapotokea mara ya kwanza nimefafanua: baridi, yaani tulivu, moto, yaani ya mbio.

Kuna watu watakaosema kisa changu kinathibitisha kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi. Sikubaliani nao. Kilichoshindwa pale si Kiswahili, nilishindwa mimi. Ningeyatafsiri makala yale kwa Kikamba au Kifaransa bila kuelewa, ningezalisha barafu ileile. Lugha iliyoutazama mkusanyiko wa nyota ikauita Kilimia, kwa kuwa uliwaonyesha wakulima majira ya kulima, haikosi uwezo wa kuita vitu vya angani. Na kama bado una shaka, wanafalaki duniani wangali wanatumia orodha ya vyanzo vya eksirei ambavyo majina yake huanza na 4U. Herufi hiyo ni ya Uhuru. Wanasayansi wametumia neno letu zaidi ya nusu karne.

Ninachoomba ni kwamba sisi watafsiri tuache kuhesabu maneno na kukimbilia kamusi kabla ya kumtafuta anayejua. Kazi niliyodhani ni ya wikendi ilinichukua wiki nne, na malipo yalikuwa yaleyale. Lakini makala yalipojaribiwa darasani, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza: "Kama haipoi na haigongani, basi hivi sasa inatupitia hapa darasani?"

Nikamwambia ndiyo, tunaamini inatupitia. Akaitazama mikono yake.